Mwizi wa Mbuzi Anachomwa, Mwizi wa Ploti Anapewa Kiti

Jumamosi moja mwaka jana, kama saa mbili usiku, nilisikia ile kelele ambayo kila mtu wa Kitengela anaijua. "Mwizi! Mwizi!" Nikatoka na slipa. Nyumba tatu kutoka kwetu, watu kama thelathini walikuwa wamemzingira kijana mmoja aliyekalishwa chini kwenye vumbi. Kosa lake lilikuwa mtungi wa gesi wa kilo 6. Jamaa mmoja alikuwa tayari ameshika jiwe la kujengea. Mwingine alikuwa anawauliza watu wa boda nani ana petroli.

Aliyemwokoa ni mama anayetuuzia sukuma wiki. Alisimama katikati akapiga nduru: "Huyu namjua kwao! Mpelekeni stesheni, msiniletee damu hapa!" Watu wakasitasita, na huko kusitasita ndiko kulikomwokoa, kwa sababu polisi walichukua karibu saa nzima kufika.

Na mimi nilifanya nini? Niseme ukweli. Nilitoa simu nikaanza kurekodi. Hiyo video sijawahi kuiposti, na leo ndiyo mara ya kwanza naiongelea.

Sasa sikiliza hii ya pili. Jumanne ya wiki hiyohiyo, mama yangu alikuwa amerudi kutoka ofisi ya ardhi Kajiado na karatasi mkononi, hawezi kuongea. Ile ploti ya thumuni aliyolipia shilingi 850,000, akiba ya miaka kumi na mmoja ya kushona nguo, ilikuwa na mwenyewe mwingine. Namba ya hati ilikuwa ya kweli. Jina lililokuwa kwenye rejista halikuwa la yule mtu aliyetuuzia. Huyo mtu tunamjua. Jumapili iliyofuata alikuwa kwenye harambee, amepewa kiti cha mbele na chupa ya maji. Hakuna aliyepiga kelele ya mwizi.

Mtungi wa gesi kwa upande mmoja, shilingi 850,000 kwa upande mwingine. Hiyo hesabu ilinikosesha usingizi. Nikaanza kusoma historia ya wizi katika huu upande wetu wa nchi na Nairobi jirani yetu, na nikagundua kwamba uhalifu unabadilika kama vile mitindo ya nguo inavyobadilika. Sababu za kubadilika kwake si fumbo: mwizi anafuata mali ilipo na jinsi inavyosafiri. Mali ikihama, naye anahama. Sisi wengine ndio tunaobaki tumemsubiri pale alipokuwa jana.

Ng'ombe

Kabla Kitengela haijakuwa na geti hata moja, mali ya hapa ilikuwa na miguu minne. Kuna mzee jirani yetu, Mmaasai, ambaye familia yake ndiyo ilikuwa na haya malisho yote. Huwa ananiambia, "Kijana wangu, zamani ng'ombe akichukuliwa, tulijua amechukuliwa na nani na tulijua njia ya kumfuata." Kulikuwa na uvamizi, kulikuwa na kulipiza kisasi, na kulikuwa na wazee wa kukaa chini na kuhesabu fidia. Watu walikufa pia, tusiipambe. Lakini lilikuwa jambo lenye kanuni zake.

Halafu akaja Mwingereza. Mkataba wa 1911 uliwaondoa Wamaasai Laikipia na kuwasukuma huku kusini, na Kajiado ikawa sehemu ya hifadhi yao. Walowezi wakaleta mifugo yao ya bei, na wizi wa mifugo ukawa kitu cha kuwasumbua serikalini. Wakatunga sheria za adhabu ya pamoja: ng'ombe wa mlowezi akipotea na nyayo zikaelekea kwenu, kijiji kizima kinatozwa faini, mwenye kosa na asiye na kosa. Hebu iweke hiyo akilini, tutairudia.

Alama ya enzi hiyo bado iko kwenye vitabu vyetu. Fungua Kanuni ya Adhabu ya Kenya. Wizi wa kawaida, kifungu cha 275, ni kifungo cha hadi miaka 3. Wizi wa mifugo, kifungu cha 278, ni hadi miaka 14. Sheria inajua nani aliogopwa wakati ilipoandikwa.

Kosa la kuwa mjini

Wakati huo Nairobi ilikuwa inakua, na huko uhalifu ulikuwa na sura ya ajabu. Kuanzia 1920, mwanaume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 alitakiwa kubeba kipande, na wengi walikivaa shingoni kwenye kikebe cha chuma. Ukipatikana bila kipande, wewe ni mhalifu. Ukipatikana mjini bila kazi, wewe ni mzururaji, na uzururaji ni kosa. Mababu wengi waliolala seli Nairobi hawakuwa wameiba hata sindano.

Ndiyo maana ninapoona mtu akilinganisha takwimu za uhalifu za zamani na za leo, namuuliza kwanza: nani alikuwa anahesabu, na alikuwa anahesabu nini? Kosa ni lile ambalo mwenye nguvu ameamua kuliita kosa. Hata juzijuzi tumeona: kupika chang'aa kulikuwa kosa kwa miongo mitatu, ikaja sheria ya vileo ya 2010, na chang'aa iliyopimwa na kufungwa kwenye chupa ya glasi ikaruhusiwa. Kinywaji ni kilekile. Sheria ndiyo iliyohama.

Bunduki na mshahara

Uhuru ulipofika, pesa zilikuwa zimekaa mahali pamoja: benki, na gari la kupeleka mishahara kiwandani. Kwa hiyo mwizi mkubwa wa miaka ya 1970 alikuwa mwizi wa benki. Serikali ilijibu kwa kamba. Mwanzoni mwa miaka hiyo, adhabu ya wizi wa kutumia nguvu ikafanywa kifo, na mpaka leo kifungu cha 296(2) kinasema kifo. Huhitaji hata bunduki. Mkiwa wawili, inatosha.

Je, iliwatisha? Angalia miaka ya 1990. Uchumi ulianguka, silaha ziliingia kutoka nchi jirani zilizokuwa vitani, na Nairobi ikapata lile jina baya la "Nairobbery". Majina ya Wanugu, Wacucu na Rasta yalitajwa redioni kama ya wachezaji wa mpira, na wote watatu waliishia kwa risasi za polisi. Gari lilikuwa ndiyo mali mpya, kwa hiyo kutekwa gari kukawa ndiyo hofu mpya. Kwa wasio na gari kulikuwa na ngeta: mkono shingoni, gizani, na unaamka huna viatu. Utafiti uliofanywa Nairobi 2001 ulikuta zaidi ya theluthi moja ya wakazi waliohojiwa wanasema wameporwa katika mwaka mmoja tu uliopita. Soma tena hiyo sentensi.

Wazazi wangu ni miongoni mwa waliokimbia. Tulikuwa Eastlands. Waliingia usiku wakiwa wanne, wakachukua televisheni, cherehani na pete ya ndoa ya mama, na mmoja wao alikula ugali uliobaki. Nilikuwa mdogo, ninachokumbuka ni sauti ya sufuria. Mwaka haukuisha tukahamia Kitengela.

Malisho yanageuka mtaa

Hatukuhamia peke yetu. Hapa ilibidi kuwe na ardhi ya kuuza, na ardhi hiyo ina historia yake. Kwa sheria ya 1968, malisho ya Wamaasai yaliwekwa chini ya ranchi za vikundi, ardhi ya pamoja yenye orodha ya wanachama. Ranchi ya Kitengela ikagawanywa 1988, kila mwanachama na hati yake. Miaka miwili baadaye ikaja sheria ya EPZ, viwanda vikafunguliwa Athi River, na ilipofika 2000 Marekani ikafungulia nguo za Afrika soko bila ushuru. Maelfu ya wasichana na wavulana wakaja kushona. Walihitaji mahali pa kulala. Kituo kidogo cha Noonkopir kikaanza kumea ghorofa.

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 58,167 Kitengela. Ya 2019 ilihesabu 154,436. Katika miaka kumi mji ulikaribia kujizidisha mara tatu. Unapomjua jirani mmoja, wawili wapya wamehamia.

Mama alikuwa mmoja wa hao washonaji. Miaka ile ya mwanzo mshahara ulikuwa unatolewa kwa bahasha, na kila kibaka wa huu mji alijua tarehe. Mwisho wa mwezi wanawake walitembea wakiwa kumi, kumi na wawili, pesa zimefichwa mahali ambapo sitapataja. Halafu Machi 2007 M-Pesa ikaanza. Baada ya muda bahasha zikaisha, mshahara ukaingia benki na kwenye simu, na mama akaanza kutembea peke yake.

Wizi uliisha? Wacha basi. Ulipanda kwenye simu kama sisi wote. Kwanza simu yenyewe ikawa mali ya kunyakuliwa. 2008 serikali iliondoa ushuru kwa pikipiki ndogo, boda zikajaa, vijana wakapata kazi halali, na wachache wakagundua kwamba pikipiki ni njia nzuri ya kunyakua na kutoweka. Watu wenye akili wakawa wanabeba simu mbili, ile ya maana nyumbani na mulika mwizi ya kutembea nayo. Halafu mwizi akaacha hata kuja. Anakupigia. "Nimetuma pesa kimakosa." "Umeshinda." Watu husema zile simu zinatoka Kamiti, na siku hizi jina la Mulot, kile kimji cha mpakani mwa Bomet na Narok, limekuwa mzaha wa nchi nzima kwa sababu ya wizi wa laini. 2018 tukapata sheria ya uhalifu wa kompyuta. Mwizi ambaye zamani alikuja na wenzake watatu usiku, leo yuko kilomita 200 mbali na anakuita "mteja wetu mpendwa".

Soko la mbali

Kuna aina nyingine ambayo ilinishangaza zaidi, kwa sababu bei inapangwa mahali ambapo hatutawahi kufika.

Punda kwa mfano. Kajiado punda ndiye bomba la maji, ndiye lori, ndiye mkono wa kuume wa mama wa nyumbani. Kwa miaka mingi hakuna aliyemwiba, maana utampeleka wapi? Halafu kuanzia 2016 Kenya ikafungua vichinjio vya punda, kwa sababu ngozi yake inachemshwa China kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Ghafla punda akawa na bei. Watu wakaanza kuamka na kukuta vichwa na kwato vichakani. Kelele zikawa nyingi, Kajiado ikiwa mojawapo ya kaunti zilizolia, mpaka Februari 2020 serikali ikatangaza kupiga marufuku uchinjaji huo. Mwanamke wa Kajiado alibeba maji mgongoni kwa sababu ya uzuri wa ngozi ya mtu wa Beijing.

Au chuma chakavu. Vifuniko vya mitaro, vyuma vya kando ya barabara, mita za maji, vyote vilikuwa vinatembea usiku. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya umeme ya laini ya Kiambere kwenda Embakasi ilianguka, nchi nzima ikaingia gizani, na serikali ikasema vyuma vyake vilikuwa vimeibwa. Siku chache baadaye Rais akasimamisha biashara yote ya chuma chakavu. Maana yake hata serikali inajua: mwizi hawezi kuwa na kazi kama hakuna mnunuzi.

Ploti

Na sasa tumefika nyumbani kwa mama.

Mali kubwa ya Kitengela leo si ng'ombe wala bahasha. Ni karatasi iliyoandikwa Kajiado/Kaputiei North na namba. Malisho ya zamani yamekatwa mara ya kwanza, ya pili, ya tano, na katika kila mkato kuna nafasi ya mtu kuuza kisicho chake, au kuuza chake mara tatu. Mwizi wa aina hii havunji mlango. Anakupeleka kwa gari, anakununulia soda, anakuonyesha vigingi. Mzee jirani alipopata habari ya mama alitikisa kichwa akaniambia kwamba hata wao, wenye ardhi, waliibiwa hivyohivyo: mtu aliweka kidole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, akaamka hana pa kulisha.

Oktoba 2023, hapo ng'ambo ya barabara upande wa Athi River, matingatinga yalibomoa nyumba kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland, ekari 4,298 zilizokuwa na kesi. Wengi walisema walikuwa wamenunua. Waliona ghorofa zao zikianguka wakiwa wameshika makaratasi. Kabla ya hapo, Novemba 2011, Syokimau ilikuwa imelia kilio hichohicho.

Sheria inasemaje? Kughushi hati ya ardhi, adhabu inaweza kufika maisha, hilo nalikubali. Lakini mtu akichukua pesa zako kwa uongo, kifungu cha 313 kinasema hadi miaka 3. Mbuzi 14, uongo 3. Na hiyo ni ukifika huko. Mama alipoenda kuripoti aliambiwa hiyo ni kesi ya madai, atafute wakili. Kwa hiyo kwenye takwimu za uhalifu za mwaka ule, kijana wa mtungi wa gesi yumo. Mtu wa ploti hayumo. Ukichora grafu, utasema Kitengela ina shida ya vibaka.

Wale wanne

Nilisema tutarudi kwa adhabu ya pamoja.

Agosti 8, 2021, kule Enkamulat, upande wa Isinya, vijana wanne waliuawa na umati. Walikuwa na pikipiki. Baadhi yao walikuwa ndugu na binamu. Familia zao zilisema walikuwa wametoka kusherehekea siku ya kuzaliwa. Wenyeji, ambao walikuwa wamechoka kuibiwa mifugo, waliwashuku kuwa wezi wa ng'ombe. Kelele ilipigwa, watu wakaja, hakuna aliyeuliza.

Nawaelewa wenye ng'ombe. Sisemi hivi kwa kejeli. Mifugo inaibwa kweli, inapakiwa usiku kwenye magari madogo na kufika buchari Nairobi kabla ya jua. Mtu aliyepoteza ng'ombe sita amepoteza karo, hospitali na heshima. Lakini kelele ile ilibuniwa zamani, wakati kila mgeni alijulikana na nyayo zilisomeka. Ukiipiga kwenye mji ambao umejizidisha karibu mara tatu kwa miaka kumi, kila mtu ni mgeni. Kila kijana mwenye pikipiki anafanana na mwizi. Hata mimi.

Na pigo hilo linaenda chini tu. Aprili mwaka huohuo wanaume wanne walitoweka hapahapa Kitengela, na miili yao ikapatikana mbali, upande wa Thika na Murang'a. Agosti 2024 ndugu wawili wa Kitengela na mwanaharakati Bob Njagi walitekwa, wakaonekana tena baada ya siku 32. Wakati huo umati wetu uko wapi? Tunapiga kelele kwa yule tunayeweza kumshika, basi.

Ninachosema

Mimi si wakili, ni kijana mwenye simu na mama aliyeibiwa. Lakini baada ya kusoma haya yote, nimeshika mambo matatu.

La kwanza, hofu yetu iko nyuma ya wakati. Tumejenga kuta, tumeweka nyaya za umeme, tumefuga mbwa, yote kwa ajili ya mwizi wa 1997. Yule wa leo anaingia kwa ujumbe na kwa tabasamu. Kabla hujatoa hata shilingi moja ya ploti, nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ufanye sachi, usiletewe. Hakikisha kibali cha bodi ya ardhi kipo. Uliza majirani wa hiyo ploti, hasa wazee. Mama hakuuliza kwa sababu muuzaji alikuwa mtu wa kuheshimika.

La pili, tukitaka kupunguza wizi tuulize nani ananunua. Simu iliyoibwa Kitengela inauzwa mahali. Ng'ombe analiwa mahali. Mnunuzi ana duka, ana leseni, ana anwani.

La tatu ni lile la mama wa sukuma. Hakuwa na hotuba. Alisema tu "namjua kwao". Yule kijana alipelekwa stesheni, akashtakiwa, akafungwa miezi kadhaa, na sasa anasukuma mkokoteni wa maji sokoni. Ananiuzia jerikeni kwa shilingi 20. Wiki iliyopita alinirudishia chenji niliyokuwa nimeisahau.

Kesi ya mama bado iko kortini. Imeahirishwa mara nne. Muuzaji bado anakaa mbele.